Sauti ya babu ndani ya kaseti

Tulipokimbia kutoka Rutshuru, mama alibeba sufuria, kitenge na kaseti moja. Ndani yake babu anataja majina ya wazee wa ukoo wetu. Tulipofika Goma, niliiweka ndani ya redio-kaseti ya nyumbani. Babu alisikika kama mtu anayesema chini ya blanketi. Mama akanyamaza. Nilidhani kaseti imekufa.

Kumbe ni vumbi! Hapa Goma vumbi la mawe ya volkano linaingia kila mahali. Nilichomoa umeme, nikalowesha pamba kwa alkoli kidogo, nikapangusa kichwa kinachosoma utepe na kagurudumu ka mpira kanakouvuta. Pamba ilitoka kahawia. Nikaacha vikauke. Utepe uliolegea niliukaza kwa kuzungusha kalamu ya biki. Kisha nikavunja vijino viwili vya mgongoni mwa kaseti, ili mtoto asirekodi muziki juu ya babu.

Jioni ile mama alitaja majina pamoja na baba yake, mpaka utepe ukaisha.

Wasikilizaji wapendwa, hasa ninyi mliohama makwenu: musitupe kaseti upesi. Safisheni kwanza mashine.