Fungu la Mwanamke Liandikwe

Sisi wana wa milima ya Uluguru tumekulia katika desturi ambayo nasaba na ardhi hupitia kwa mama. Mluguru huhesabiwa katika ukoo wa mama yake. Dini yetu nayo, katika Suratun Nisaa aya ya 7, imethibitisha kwamba wanaume wana fungu na wanawake wana fungu katika waliyoyaacha wazazi na jamaa wa karibu, yawe machache au mengi.

Ajabu ni kwamba hati za hakimiliki ya kimila zilipoanza kutolewa kijijini kwetu, upande wa Kinole, tulishauriwa shamba la migomba aliloliacha mama liandikwe jina moja tu, la kaka yetu, kwa kuwa ndiye mwanamume. Kaka ni mwema, wala hatukumshuku. Lakini mwema naye hufa, na karatasi hubaki. Wanawe wataisoma kesho. Watajuaje kuwa shangazi zao wana haki humo?

Basi tulikaa kikao, watoto wote watatu. Tulimaliza kwanza madeni ya marehemu, kisha tukagawana kwa mujibu wa sharia: kaka nusu, nasi dada wawili robo kwa robo. Hati ikaandikwa majina matatu, na kaka akawa wa kwanza kutia saini.

Sheria ya nchi nayo ilituunga mkono. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, na inataka Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, liwe na wanawake wasiopungua watatu. Tanzania pia iliridhia mwaka 1985 mkataba wa Umoja wa Mataifa unaokataza ubaguzi dhidi ya wanawake. Hata hivyo, mfadhili aweza kugharimia upimaji wa mashamba, asiweze kumsemea mwanamke aliyenyamaza. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Asiyehudhuria huamuliwa na wenzake.

Enyi wazazi na ndugu zetu, kaeni na mabinti zenu kabla ya karani kufika. Mwenye fungu ajulikane, na jina lake liandikwe. Mwenyezi Mungu atujaalie kutekeleza amana hii. Amin.