Alama ya & na barua ya mzee

Wasomaji wangu mnajua mimi ni mtu wa kalamu, si wa kompyuta. Lakini wiki hii nimelazimika kuwa mwanafunzi wa JavaScript, maana habari zetu zilikuwa zinaliwa njiani.

Gazeti ninaloandikia lina ukurasa wa kuletea fununu. Unajaza namba ya simu na ujumbe, unabofya, JavaScript inaunganisha majibu yako kuwa mstari mmoja mrefu na kuupeleka kwenye seva. Basi, mtu akiandika +255, kwetu inafika 255 yenye nafasi tupu mbele. Hilo linavumilika. Lililoniuma ni mzee mmoja aliyetaja kampuni iliyopewa zabuni ya kuzoa taka mtaani kwao, jina lake lina alama ya &. Yote aliyoandika baada ya alama ile hayakufika. Akapiga simu chumba cha habari: "Barua yangu mmeikata, mmehongwa shilingi ngapi?"

Nikamkaba kijana wetu wa mitambo. Akanieleza kwamba katika mstari ule, & ni uzio kati ya kisanduku kimoja cha fomu na kingine. Seva ikiiona, inajua ujumbe umeishia hapo. Kinachofuata haina pa kukiweka, inakitupa. Nayo +, tangu HTML 2.0 ya mwaka 1995, husimama badala ya nafasi. Seva imesoma kama ilivyofundishwa!

Tatizo ni aliyejenga ukurasa. Alitumia encodeURI, ambayo ni ya anwani nzima, hivyo huziacha & na + kama zilivyo. Kila jibu lilitakiwa lipitishwe peke yake kwenye encodeURIComponent: & igeuke %26, + igeuke %2B, kisha seva izirudishe zilivyokuwa. Marekebisho yenyewe yalichukua dakika chache.

Kinachonitisha ni ule ukimya. Mhariri akikata aya yangu, naliona pengo, tunabishana. Hapa mwananchi aliambiwa "Asante, ujumbe wako umepokelewa", nasi tukapokea nusu bila kujua kuna nusu nyingine. Mzee yule alipiga simu. Wangapi walinyamaza, wakaamua tu kwamba waandishi tumenunuliwa?

Kama una fomu kwenye tovuti yako, leo hii jitumie mwenyewe ujumbe wenye & na +. Usome kilichofika.