Pumzikeni Kidogo

Darasa la kwanza la yoga nililofundisha peke yangu liliharibiwa na neno moja. Ilikuwa asubuhi ya Jumatano, mwaka 2009, katika ukumbi wa kanisa huko Mathare. Walikuwapo wanawake kumi na wanne. Sakafu ilikuwa ya saruji, na mikeka haikutosha, kwa hiyo wengine walitandika leso. Nilikuwa nimefika mwisho wa kipindi na moyoni nimeshaanza kujipongeza. Wote walikuwa wamelala chali, mikono kando. Nikasema kama nilivyofunzwa, ila kwa Kiswahili: “Sasa tulieni kabisa. Laleni kama maiti.”

Shosho mmoja aliyekuwa karibu na mlango aliinuka akaketi. Akakung’uta leso yake, akaikunja mara nne, akavaa viatu vyake vya plastiki na kutoka. Hakusema lolote. Mwingine akamfuata. Waliobaki walifumbua macho wakawa wananitazama, nami nikatazama dari.

Baadaye mama aliyetutunzia funguo za ukumbi aliniambia kwamba yule shosho alimzika mwanawe mapema mwaka 2008, zile wiki za vurugu baada ya uchaguzi. Mimi nilizaliwa Mathare na wiki zile nilikuwa hapo hapo. Nilipaswa kujua bila kuambiwa.

Kabla ya kufundisha nilikuwa kijana wa sarakasi. Tulijenga piramidi za watu, tukarukia pete za moto, tukapanga ndoto za mkataba katika hoteli za Pwani au sarakasi za ng’ambo. Mazoezi tulifanyia Ngara, katika jengo lililokuwa sinema ya Shan kabla ya kugeuzwa Sarakasi Dome. Siku moja nilianguka vibaya nikavunjika kifundo cha mkono, na mfupa ukaunga upande. Mwanasarakasi asiyeweza kusimama kwa mikono ni kama dereva asiye na leseni: anajua kazi, lakini hakuna wa kumpa gari. Rafiki yangu ndiye aliyenipeleka studio ya yoga. Alinivutia kwa maneno mawili: Jumamosi, bure.

Studio ile ilikuwa shirika lisilo la faida, na hesabu yake ilikuwa rahisi kueleza, ngumu kuendesha. Siku za kazi wenye uwezo walilipa: wageni wa mashirika, mawakili, wake wa mabalozi. Pesa zao, pamoja na za wafadhili, ziliwalipa walimu vijana posho, na kila mwalimu alidaiwa vipindi kadhaa vya bure kila wiki mitaani, shuleni, magerezani. Jumamosi mlango ulifunguliwa kwa yeyote. Viatu viliachwa nje, na kabla hujaona sura ya mtu ulikuwa umeshaona kiatu chake: raba za bei ya kodi yangu ya miezi mitatu zikiwa zimeegemea akala za matairi.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha mikeka. Maji, siki na kitambaa, kisha kuianika kwenye kamba juu ya paa. Mkeka wa yoga hunywa jasho kama spanji, na harufu yake Jumamosi jioni siwezi kuieleza katika gazeti la heshima. Iliyochanika hatukuitupa. Tuliikata vipande viwili, kimoja cha mikono na kingine cha miguu, na mtu wa pili akapata nafasi. Mwezi wa Julai, Nairobi inapoganda, waliolipa waliwashiwa vipasha joto ili watokwe jasho. Mama yangu nilipomwambia alicheka hadi akashika ukuta. Nyumba yetu ya mabati ilikuwa inatutoa jasho bila risiti.

Nilipoanza mafunzo ya ualimu, mkufunzi wetu alikuwa Mmarekani mwenye moyo mzuri na haraka nyingi. Alizungumza kana kwamba yoga iliingia Nairobi kwa ndege aliyopanda yeye. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja Mhindi wa Parklands aliyekuja kila Jumamosi, amevaa suruali ya kitambaa na fulana nyeupe. Babu yake alikuja wakati wa ujenzi wa reli, na mazoezi haya aliyarithi nyumbani. Mkufunzi alipotamka majina ya Kisanskriti, mzee alikuwa anainamisha uso ili tusione tabasamu. Ni yeye aliyenieleza kwamba “shava” katika jina la ule mkao wa kulala chali ni maiti kweli, na kwamba kulala hivyo kumetajwa katika Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15. “Lakini jina ni la mwalimu,” aliniambia. “Wewe fundisha mgongo.”

Nikaanza upya na maneno. Ule mkao wa makalio juu, mikono na miguu chini, unaitwa kwa jina la mbwa. Jaribu kumwambia kijana wa Mathare awe mbwa, halafu uone kama utamaliza kipindi. Mimi niliuita paa la nyumba, na mara moja kila mtu akajua mgongo unatakiwa kwenda wapi. Mkao wa shujaa haukuwa na shida, isipokuwa kwamba wavulana hawakutaka kutoka. Ule wa mtoto, magoti chini na paji la uso sakafuni, ulinipa somo. Mama mmoja wa Majengo, Pumwani, aliinua kichwa akaniambia kwa upole: “Mwalimu, hii sisi tunaijua. Ila hatuifanyi kwa ajili ya kiuno.” Tangu siku hiyo nikawa nasema anayetaka akunje ngumi mbili na kuweka paji juu yake, asiyetaka aketi tu. “Om” niliiacha studio. Mchungaji wa ule ukumbi alikuwa ameshanipa masharti: hakuna kusujudia kitu, hakuna kuimba kisichoeleweka, na kwenye ubao wa matangazo paandikwe “mazoezi ya viungo”. Wapo wenzangu walioona nimeuza asili ya jambo. Labda. Lakini mchungaji huyo huyo, mwenye mgongo mbovu, mwaka uliofuata alikuwa mstari wa nyuma na soksi zake.

Kilichonikera ni picha. Wafadhili walipenda picha, na picha waliyoipenda ni ya mtu kichwa chini miguu juu, nyuma yake mabati na mtaro. Mkono wangu ulipopata nguvu kidogo nilipigwa nyingi za aina hiyo, juu ya reli, juu ya pipa, na sikukataa kwa sababu kodi haingojei maadili. Hakuna aliyewahi kuomba picha ya wanawake kumi na wanne wamelala. Nami najua, kwa kuwa nimefanya vyote viwili, kwamba kusimama kwa mikono ni kazi nyepesi ukilinganisha na kumfanya mtu wa mtaani kwetu alale chali mbele ya wengine na kuacha mlango nyuma ya kichwa chake.

Hilo nililielewa vizuri zaidi katika gereza la wanawake Lang’ata. Nilipowaambia wafumbe macho, hakuna aliyefumba. Nilipomkaribia mmoja kumnyoosha bega, aliruka kama aliyeguswa na waya. Mwalimu mwanamke niliyekuwa naye alinivuta kando akaniambia nikae chini, niwe chini yao, nisiguse mtu, na nisizunguke migongoni mwa watu. Wiki kadhaa tulifundisha macho yakiwa wazi. Kisha siku moja askari jela aliyekuwa akisimamia mlango alivua kofia, akaomba mkeka, akalala. Baada ya dakika chache akawa anakoroma. Wanawake walicheka kimyakimya, mabega yakitetemeka, na nilipotazama tena wawili walikuwa wamefumba.

Yule shosho wa leso alirudi baada ya miezi mitatu hivi. Sikumwita. Nadhani goti ndilo lililomleta. Kufikia wakati huo nilikuwa nimebadilisha neno, na nilijiona mjanja sana: mwisho wa kipindi nilisema “sasa tunapumzika.” Nilikuwa hata nimegundua kwamba pumzi na kupumzika ni ndugu wa tumbo moja, jambo ambalo mkufunzi wetu angehitaji mihadhara miwili kulieleza, na lugha yangu ilikuwa imelihifadhi muda wote bila kelele.

Siku hiyo alilala hadi mwisho. Baadaye, nikikusanya vipande vya mikeka, alinisubiri mlangoni.

“Kijana wangu, uliondoa lile neno.”

“Niliondoa, shosho. Nilikosa.”

“Na huyu aliyekufa, akitangazwa redioni, husemwa amefanya nini?”

Nikanyamaza. Husemwa amepumzika.

“Basi umezunguka nyumba ukaingia kwa mlango wa nyuma,” akasema, naye hakuwa na hasira. Alikuwa akifunga leso kiunoni.

Nikamwuliza, kwa unyenyekevu ambao sikuwa nao studio, niseme nini sasa. Alifikiri huku akivaa viatu vyake vya plastiki, kimoja, kingine.

“Sema hivyo hivyo, lakini uongeze kidogo. Pumzikeni kidogo. Mtu ajue atarudi.”

Jumatano iliyofuata nilipunguza sauti, nikasema: “Pumzikeni kidogo.” Ukumbi ukatulia. Nje mtu alikuwa akigonga bati, na mbali kidogo matatu zilikuwa zikiita abiria wa mjini. Kisha mstari wa nyuma mama mmoja akauliza, macho yakiwa bado yamefumbwa:

“Kidogo ni dakika ngapi, mwalimu? Nimeacha githeri jikoni.”