Mchezo wa Mafumbo Njiani, na Jiwe Lililonitia Aibu



Leo nataka kukueleza mchezo mmoja unaoweza kuwafaa watoto wako wakati wa likizo, ukae mjini ama kijijini, uwe na umeme ama huna. Nataka pia kukueleza jinsi mchezo huo ulivyonitia aibu mimi, karani wa parokia, mbele ya mzee mwenye mvi, ili wewe ukiuanza usipite njia niliyopita.

Mchezo wenyewe ni huu. Mtu hubuni hadithi, lakini haisimulii. Huikata vipande vipande, kisha huvificha vipande hivyo katika mambo ya kila siku: kimoja katika barua iliyobandikwa ubaoni, kingine kwa mama muuza dagaa, kingine katika ujumbe wa simu. Wachezaji hutembea, huuliza, hufumbua mafumbo, na polepole hadithi nzima hujitokeza. Hadithi hujifanya kweli, nao wachezaji hujifanya wameisadiki. Utamu wake uko hapo, na hatari yake pia iko hapo.

Huko Marekani mchezo wa namna hii ulivuma mwaka 2001, ilipotoka filamu moja ya Steven Spielberg. Katika matangazo ya filamu hiyo liliandikwa jina la mwanamke mwenye kazi isiyopata kusikika duniani, ya kutibu akili za mashine. Waliojiuliza, “Huyu ni nani?” wakamtafuta, walijikuta wameingia katika hadithi ya mauaji yenye mafumbo mengi hata maelfu ya watu wakaungana kuyafumbua. Mwaka 2004 ukafuata mwingine, ambamo simu za barabarani zililia mahali mbalimbali Marekani kwa saa zilizopangwa, na mchezaji alipaswa awe pale apokee. Watunzi wa michezo hiyo walikuwa na kanuni moja: mchezo usikiri kamwe kwamba ni mchezo. Iweke akilini kanuni hiyo, maana ndiyo iliyoniponza.

Uingereza walikuwa wametangulia kidogo kwa njia ya kitabu. Mwaka 1979 mchoraji Kit Williams alizika sungura wa dhahabu ardhini, kisha akatoa kitabu cha picha chenye kuficha habari za mahali alipomzika. Palikuwa Ampthill, karibu na msalaba wa ukumbusho wa Malkia Katarina wa Aragon, yule ambaye Mfalme Henry wa Nane alimwacha akaleta fitina kubwa katika Kanisa. Kivuli cha msalaba huo, adhuhuri ya siku ambayo usiku na mchana hulingana, kilionyesha mahali penyewe. Sungura alipatikana mwaka 1982. Lakini kabla ya hapo watu walikuwa wamechimbachimba sehemu nyingi ambazo hazikuhusika hata kidogo.

Kwetu Afrika ulikuja mchezo ulioitwa Evoke, mwezi Machi 2010, ukaenda wiki kumi. Mtunzi alikuwa Jane McGonigal, na gharama zilitoka kwa Benki ya Dunia. Vyuo vikuu vya Afrika vilikuwa vimetaka njia ya kuwavuta wanafunzi washughulikie shida za watu wao: njaa, maji, nishati. Kila wiki palitolewa kisa chenye picha pamoja na kazi ya kutenda kweli mahali ulipo. Walijiandikisha watu zaidi ya elfu 19. Ni jambo jema sana, lakini lilitaka intaneti, na mtoto wa kijijini asiye na simu hakuwa na mlango wa kuingilia.

Mimi niliposoma habari hizi nilisema moyoni: mbona sisi Usukumani tuna mzizi wa mchezo huu? Nani hakukaa jioni na bibi yake akaambiwa “Kalagu,” naye akaitikia “Kize,” akategewa fumbo? Na mashindano ya kujifanya mahasimu, huku tukirudi nyumbani njia moja, tunayajua tangu zamani kwa ngoma za Bagika na Bagalu, ambazo hata pale Bujora huchezwa wakati wa Bulabo, sikukuu ya Ekaristi. Basi niliwagawa watoto wetu wa Mirongo katika pande mbili, Bagika na Bagalu, nikaanza kutunga.

Niliandika barua ya katekista asiyekuwako duniani. Nilisema aliiandika Julai 1916, Waingereza walipokuwa wakiutwaa mji wa Mwanza kutoka kwa Wajerumani, na kwamba aliificha kengele ndogo ya kanisa chini ya mwamba wenye alama tatu ili isiporwe. Karatasi niliichovya katika chai ya rangi, nikaianika juani, ikawa na sura ya uzee. Nikachukua chaki nikachora alama tatu juu ya jiwe moja kubwa mlimani, ambapo fumbo la nne lilikuwa limechomekwa ufani. Kwa kuifuata ile kanuni ya Wamarekani, sikuandika popote kwamba ni mchezo. Barua nikaibandika ubaoni Jumamosi jioni. Nilijiona fundi kweli.

Msomaji, wewe unaijua nchi yetu. Unajua watu wanavyosema kwamba Wajerumani walizika mali walipokuwa wakikimbia. Maneno hayo yana kipande cha kweli kinachoyapa nguvu, kwa kuwa mwaka 1916 Wajerumani walipiga pale Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Tangu hapo jiwe likiwa na mkwaruzo tu, watu hunong’ona.

Jumapili baada ya Misa ya kwanza mtu mmoja aliipiga picha barua yangu kwa simu. Kufika jioni ilikuwa imezunguka katika makundi ya jumuiya, ikavuka mpaka Magu na Misungwi. Kengele ndogo ikawa kengele ya dhahabu. Kesho yake ikawa sanduku la rupia. Watoto walikuwa bado wanahangaika na fumbo la pili.

Jiwe nililolichora lilikuwa nyuma ya jiko la mzee mmoja. Yeye na mwanawe walimleta mtu mwenye mashine ya kupimia madini ardhini, wakamlipa, naye mashine yake haikukosa kulia. Usiku wa Jumatano walichimba kwa sururu na mtaimbo. Kiasi cha saa nane jiwe lilijipindua nusu, likaegemea ukuta wa jiko, ukuta ukapasuka toka juu mpaka chini. Upande wa pili wa ukuta huo mjukuu wake alikuwa amelala. Hakuguswa. Mpaka leo nikipita pale nalipima jiwe kwa macho, nikiupima na urefu wa mtoto.

Asubuhi nilipata habari nikiwa ofisini naandika vyeti vya ubatizo. Nilikwenda kwanza kwa Baba Paroko. Hakunifokea. Aliniuliza, “Ulipoandika ile barua, ulitaka nani aisadiki?”

Nikajibu, “Watoto, Baba. Nao walijua kwamba tunacheza, niliwaambia kwa mdomo.”

“Na ambaye hakuambiwa?”

“Huyo sikumfikiria.”

“Basi, watoto ulicheza nao. Huyu ulimdanganya. Nenda kwake.”

Nilimkuta mzee amekaa juu ya kigoda, analitazama jiwe.

“Mwangaluka, baba.”

“Mwangaluka, mwalimu. Nawe umekuja kuliangalia?”

“Nimekuja kukuambia, baba, kwamba ile barua niliiandika mimi. Na zile alama ni chaki yangu.”

Alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba tunashiriki siri, “Sasa kengele uliiweka wapi?”

Hapo ndipo nilipoumia kuliko kama angenipiga kwa fimbo. Nikamweleza tena, toka mwanzo, mpaka akaelewa kwamba hakuna kengele, hakuna katekista, hakuna kitu. Akasema, “Tumeuza mbuzi wawili kumlipa yule wa mashine.” Hakusema zaidi.

Mshahara wa karani wewe waujua. Ukuta tulijenga upya mimi na vijana wa parokia kwa siku tatu, nikanunua saruji mwenyewe. Mbuzi niliwalipa kwa miezi mitano, mmoja mmoja. Yule wa mashine hakurudisha hata shilingi. Alikuwa amekwisha hama.

Nadhani sasa unauliza, kwa nini basi bado nakusifia mchezo? Kwa sababu watoto walinijia wakaniuliza utaanza lini tena. Katika ile wiki moja mvulana mmoja ambaye darasani hasomi mstari bila kusukumwa alikuwa amesoma maandishi ya mawe ya msingi yote ya makanisa na shule za jirani, akitafuta mwaka 1916. Kazi hiyo mimi, pamoja na cheti changu cha ualimu, sijapata kuifanya kwa fimbo wala kwa zawadi.

Kwa hiyo tukaanza upya, na huu ndio utaratibu wetu. Kila karatasi ya mchezo ina samaki aliyechorwa pembeni, ile alama ya Wakristu wa kwanza, na chini yake maneno “Huu ni mchezo wa watoto wa parokia.” Padre huyatangaza Kanisani kabla hatujaanza, na mwenyekiti wa mtaa huarifiwa. Niliogopa utamu ungepotea. Haukupotea hata chembe. Mtoto hahitaji kudanganywa ili asadiki; yeye akicheza kombolela anajua vema aliyejificha ni kaka yake, na bado moyo unamdunda.

Wewe anza na hadithi fupi yenye swali moja tu: nani alichukua ufunguo, ama mgeni huyu ametoka wapi. Usiitoe katika msiba wa kweli. Mtu mmoja alinishauri nitumie habari za meli ya Bukoba, iliyozama Mei 1996. Nikakataa palepale, maana wako mama zetu ambao bado wanalia. Kisha zunguka kijiji chako ukitafuta vitu visivyohama: mwembe, kisima, mlango wa shule, msalaba wa kigango. Hesabu ngazi, madirisha, miaka iliyoandikwa. Mafumbo mazuri hutoka humo, nayo hayagharimu kitu.

Watafute watu watatu au wanne wa kukusaidia. Sisi tuna mama muuza sangara, fundi baiskeli na mpiga kengele wa kanisa. Kila mmoja ana karatasi yake mfukoni, naye haitoi mpaka aambiwe neno sahihi. Mama wa sangara huwafanya watoto wamsaidie kwanza kubeba beseni, jambo ambalo mimi sikuliandika. Ni ubunifu wake. Kama vigango vyenu viko mbalimbali, toa fumbo moja kila Jumapili, wiki nzima ibaki ya kufikiri. Kitochi kinatosha kwa ujumbe, lakini usiagize mtoto kupiga namba asiyoijua, wala usitaje fedha popote. Nchi hii imejaa matapeli wa “ile pesa tuma kwa namba hii,” nasi tusiwazoeze watoto kutii ujumbe wa mtu wasiyemfahamu.

Hakuna kuchimba. Hakuna usiku. Hakuna kuingia ziwani wala katika mto Mirongo, hasa mvua zikinyesha. Watoto waende watano watano pamoja na mkubwa mmoja, na kabla ya siku yenyewe mpe mtu mwingine ajaribu njia yote. Mafumbo yangu ya kwanza niliyaona rahisi. Katekista wetu alikwama katika la kwanza akaniambia hata Sulemani asingeliweza.

Mchezo wetu wa mwisho ulikuwa na mafumbo saba. La saba tulilipeleka kwa yule mzee, kwa ombi lake mwenyewe. Alikaa juu ya kigoda chake kando ya lile jiwe, karatasi ameikunja ndani ya kofia. Bagalu walifika wa kwanza, wamelowa jasho, wakampa neno. Akawatazama mmoja mmoja, akakohoa, akasema, “Kalagu.”

Hakuna hata mmoja wao aliyejua aitikie nini. Akawarudisha kwa bibi zao wakaulize.