Kushuka Mombasa kwa Kazi ya Mteja wa Siri

Ndani ya Nairobi, kazi ya mteja wa siri ni ya kununulia sukari tu. Leo unapewa tawi moja la benki, kesho kutwa duka moja kubwa, unalipwa mia chache, na nauli ya matatu katika foleni ya Thika Road inazimaliza. Wanaolipia kodi ya nyumba na karo kwa kazi hii ni wale wanaokubali kusafiri, kwa sababu kampuni huhangaika kupata mtu wa kufika Emali, Mtito Andei au Mariakani, na penye uhaba wa watu ndipo malipo hupanda. Dada mmoja aliyenitangulia katika kazi hii aliniambia: "Mdogo wangu, usihesabu duka. Hesabu barabara." Nikaomba barabara yote ya Mombasa, kuanzia Athi River hadi kisiwani.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: kampuni inayotaka kujua wateja wake wanapokewaje hukodi watafiti, nao humtuma mtu wa kawaida akanunue kama mteja mwingine yeyote. Anarudi na risiti, saa aliyoingia na aliyotoka, na jina lililo kwenye beji ya mhudumu, kisha anajaza fomu ndefu kwenye simu. Si jambo jipya. Katika miaka ya 1850 huko Marekani, mpelelezi Allan Pinkerton wa Chicago alikuwa akikodiwa na kampuni za reli kupandisha watu wake kwenye treni kama abiria, wachunguze kama makondakta wanatia nauli mfukoni. Kwenye stendi zetu angepata kazi ya maisha.

Tulitoka alfajiri kwa Probox ya binamu yangu, yeye akiendesha. Kazi nyingi za njiani zilikuwa za vituo vya mafuta. Mhudumu anatakiwa asalimu, aonyeshe kwamba pampu iko sifuri kabla ya kumimina, aulize kama aangalie oili na maji, apanguse kioo, atoe risiti bila kuombwa. Wewe unayatazama hayo yote bila kuandika neno mbele yake. Halafu unakwenda chooni hata kama huna haja, kwa kuwa fomu inauliza kama kuna sabuni. Mlango wa gari ukishafungwa ndipo unapojirekodi kwa simu, upesi, kabla sura na majina hayajachanganyikana na ya kituo kinachofuata.

"Tanki liko juu ya nusu, unaweka tena ya mia tano?" binamu yangu alikuwa akicheka. "Watu hawa watatuona wendawazimu." Lakini mia tano hizo zilikuwa za kurudishiwa, na ndilo jambo lenyewe nililotaka alione. Kwa gari linalokwenda kilomita kama 15 kwa lita, mafuta ya kilomita zipatazo 480 za kushuka Mombasa yalilipiwa na kazi. Bei nayo ilikuwa ikipungua kadiri tulivyoikaribia pwani, maana EPRA, mamlaka ya nishati inayotangaza bei za juu kabisa za mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, huhesabu pia gharama ya kuyasafirisha mafuta kutoka bandarini.

Makindu tulikula bure. Hekalu la Masingasinga pale, lililojengwa 1926, humkaribisha msafiri yeyote mezani, na kwa mtu anayeishi kwa hesabu ya risiti, mlo ule ni sehemu ya faida. Nilitoa sadaka kidogo tukaendelea.

Mtito Andei ndipo kazi iliponikera. Jua lilikuwa kali. Mama aliyekuwa kwenye pampu hakuvaa beji, wala hakutamka ile salamu ya kampuni iliyoandikwa kwenye maelekezo yangu. Alisema tu, "Poleni na safari, jamani." Akazunguka gari, akainama, akamwita binamu yangu: "Kijana, njoo uone. Una msumari hapa. Usiende Voi hivi." Akatuonyesha kijana wa kuziba pancha, akamwambia asitupandishie bei. Fomu ilikuwa na kisanduku cha beji, cha salamu rasmi, na cha kutangaza oili iliyokuwa ikiuzwa msimu ule. Vyote vitatu: hapana. Cha msumari hakikuwako. Niliandika habari yote kwenye nafasi ya maoni, na siku mbili baadaye mkaguzi wa fomu alinipigia kuuliza mbona maoni hayalingani na alama. Nikamjibu kwamba alama ni zao na maoni ni yangu. Mpaka leo naona mtu anayetaka kuishi kwa kazi hii lazima aamue mapema atafanya nini na wahudumu wa namna ile, kwa kuwa mshahara wao ni mdogo na karatasi yake inaweza kuwafikia.

Kwa benki ya Voi sikusikia huruma yoyote. Nilijifanya mama mboga anayetafuta pa kuweka akiba ndogo. Afisa alinieleza akaunti yenye makato ya kila mwezi, tena kwa bashasha, na ile isiyo na makato hakuigusa hadi nilipomuuliza kwa jina. Si yeye peke yake. Watafiti waliotuma wateja wa siri katika benki za Mexico, Peru na Ghana walikuta hayo hayo: mteja wa kipato kidogo mara chache huambiwa kwa hiari kuhusu akaunti iliyo nafuu zaidi kwake. Hapo mteja wa siri anamfanyia kazi mwananchi, na ningekubali kuifanya hata kwa malipo ya chini.

Mariakani, karibu na mizani ya malori, tulisahaulika. Wahudumu waliwakimbilia madereva wa matrela wanaojaza mamia ya lita. Sisi na mia tano yetu tulingoja huku nikihesabu dakika.

Usiku, katika gesti ya Mwembe Tayari, kazi halisi ilianza. Fomu zote zilitakiwa kabla ya saa sita. Risiti iliyofifia hukataliwa, na risiti ikikataliwa hulipwi, hata kama uliendesha kutwa nzima. Binamu yangu alikoroma. Mimi nilikuwa nikipiga picha karatasi chini ya taa.

Malipo yalifika baada ya zaidi ya mwezi, yakiwa yamekatwa kodi ya zuio ya 5%. Nilipotoa gesti, bando na chakula, kilichobaki kilikaribia mshahara wa wiki mbili wa kazi ya kaunta niliyokuwa nimeiacha. Si haba, ila kuna mtego: kituo ulichokikagua hupewi tena kwa miezi kadhaa, wasije wakakuzoea sura. Kwa hiyo barabara moja haiwezi kumlisha mtu mwaka mzima. Unahitaji na ya Nakuru, na ya Kisumu hadi Busia, na kampuni zaidi ya moja za kukutuma, na akiba ya kukusukuma wakati unangoja kulipwa.

Anayetaka kujaribu aanze akiwa bado na ajira. Na asimlipe mtu ada ya kusajiliwa, wala asikubali kuwekewa hundi kubwa na kuambiwa atume sehemu yake kwingine ili "kujaribu huduma". Huko Marekani, wengi wameibiwa kwa njia hiyo. Kampuni ya kweli haikuombi pesa.