Pampu Ilikufa, Uongo Wangu Ukafuata

Wasee, leo si kontenti ya kuchekesha.

Pikapu ya Mzee ni ya 1998, ya petroli. Ndiyo hubeba kabeji kutoka Njabini hadi Marikiti, na ndiyo ililipa karo yangu. Mwezi uliopita ilikataa kuwaka saa kumi alfajiri, ikiwa imejaa mzigo. Mimi nilikuwa nyumbani, eti likizo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeacha chuo semista nzima, na sikuwa nimemwambia mtu.

Kabeji tukazihamishia lori ya jirani. Fundi wa pale senta akataka tununue pampu ya mafuta mara moja. Mzee akasema, "Pima kwanza."

Nikafungua swichi bila kupiga stata. Ule mvumo wa pampu ndani ya tangi haukusikika. Fyuzi ilikuwa nzima. Tukabadilisha rilei, wapi! Tukapima waya wa pampu: volti 12 zinafika, pampu kimya. Sasa tukajua imekufa kweli.

Tukatoa waya wa betri, tukashusha tangi pale uani, mbali na moto. Mafuta yaliyotoka hayakujaza hata jagi. Fundi akatikisa kichwa. Pampu ya umeme hupozwa na petroli inayoizunguka. Ukizoea kuendesha taa ya mafuta ikiwa imewaka, inapata joto na kuchakaa haraka.

"Mzee, mbona huweki mafuta ya kutosha?"

"Kijana yuko chuo," akajibu tu.

Nikaweka spana chini. "Baba, niliacha."

Akanyamaza. Kisha, "Na karo niliyotuma Januari?"

"Nilinunua simu na taa za kurekodi."

Hakupiga kelele. Alichukua chujio jipya, akalifunga kwenye pampu mpya polepole. "Hii pampu utalipa wewe," akasema.

Nimelipa nusu mpaka sasa.

Sijuti kuacha chuo, na sitaki kumdanganya mtu hapa. Lakini sisi hupenda kusema wazazi hawatuelewi, na wengine wetu hatujawaambia kitu cha kuelewa. Uongo wangu nilidhani haugharimu mtu. Kumbe kuna mzee alikuwa akipita petroli stesheni na taa imewaka, akijinyima kwa ajili ya darasa ambalo sikuwepo.

Kama umeacha, sema leo. Piga hiyo simu.