Nilichokiita Uchafu

Amri ya kuukata ule mringaringa niliitoa mimi. Hakuna mkubwa aliyenishurutisha, wala mti haukuwa mgonjwa. Ulisimama uani kwenye ofisi yetu hapa Arusha, ofisi ya kampuni ya utalii ambayo mimi ni meneja wake. Kila ulipochanua, maua yake meupe yalinata kwenye vioo vya magari. Ndege waliolala humo walichafua mabodi, na majani yake mapana yakaziba mfereji. Nilitaka nafasi zaidi ya magari, na uani pakavu pa vitofali vya zege. Nikaomba kibali, nikapewa, nikaleta watu wa msumeno.

Kinachonichoma ni kwamba riziki yangu yote inatokana na watu wanaopenda miti na wanyama. Ukutani mapokezi nilitundika, ndani ya fremu, tamko alilolitoa Julius Nyerere hapa hapa Arusha Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru. Si lile Azimio la Arusha la 1967. Hili ni la wanyamapori. Humo anasema kwamba viumbe wa porini na makazi yao si vya kutazamwa tu, bali ni sehemu ya maliasili na maisha ya watu wa nchi hii, na anaahidi kufanya kila liwezekanalo ili wajukuu wa watoto wetu wavikute. Nimewasomea wageni wengi maneno hayo. Sikuwahi kujiuliza yanahusiana vipi na uani kwetu. Kwangu mimi pori lilianzia kwenye mageti ya hifadhi: Ngongongare, Naabi, Lodoare. Upande huu wa geti palikuwa mahali pa kazi, na mahali pa kazi nilitaka pawe pasafi. Kosa langu lilianzia hapo, kabla hata msumeno haujawashwa.

Mlinzi wetu, mzee wa Kimeru, alinifuata kunizuia. Nilimwamkia, akaitikia, akasema: "Meneja, kwetu mti huu haukatwi hivi hivi. Nyuki wanautegemea. Na hawa vijana wakitoka safari watakaa wapi?" Nikamjibu, "Mzee wangu, nimekusikia, ila biashara nayo ina mahitaji yake." Sikuwa nimemsikia. Kihambani kwao mringaringa hupandwa katikati ya kahawa na migomba. Unaikinga kahawa na jua, maua yake yanalisha nyuki, na mbao zake ni za samani na mizinga. Alikuwa akinieleza mambo ya kazi, kama mtu anayejua gharama ya kitu. Mimi nikadhani ni huruma za mtu mzima.

Madereva waliotoka Serengeti na vumbi lao walipumzikia chini ya mti ule. Wapishi wa mlimani walichambulia mboga pale. Watu waliogombana ofisini walikutana pale saa ya chai, na mara nyingi walirudi ndani wamekwisha kupatana. Baada ya mti kuondoka, madereva walilala ndani ya magari kwenye jua la Januari. Dada wa jikoni wakahamia koridoni, na kila mtu akawa anakula peke yake. Hakuna aliyelalamika mbele yangu. Angelalamikaje, na mimi ndiye ninayesaini mishahara? Masika yalipofika, maji yaliyokuwa yakizama kwenye udongo yaliteleza juu ya zege yakaingia kwa jirani, yakiwa na oili ya magari yetu. Jirani alikuja mwenyewe kunionyesha sebule yake, akazungumza nami kwa upole ambao sikuustahili.

Hata hapo sikukiri. Nilitafuta njia ya kujisafisha. Aprili 1, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, nilichapisha fulana za kijani, nikapakia wafanyakazi wote kwenye magari, tukaenda kupanda miche kwenye shule moja nje ya mji. Tulipiga picha nyingi. Nilijiambia deni limelipwa, na zaidi ya kulipwa, kwa kuwa mti ulikuwa mmoja na miche ilikuwa mingi. Hakuna aliyepangiwa kuimwagilia. Hakuna aliyeizungushia chochote. Kiangazi kilipoingia, kilichosazwa na mbuzi kilimalizwa na jua, na sisi hatukurudi hata kuangalia.

Kilichonifumbua macho ni swali dogo. Mgeni alipiga simu kuuliza kama maziwa ya Momela, katika Hifadhi ya Taifa Arusha, yana heroe msimu huo. Mhasibu akanigeukia, hajui. Kumbe hakuwahi kufika, wala dada wa usafi, wala mlinzi wa usiku. Mlima Meru wanauona kila asubuhi dirishani. Ankara za hifadhi hiyo wanazijua kwa moyo. Nilikuwa nimewaajiri watu kuuza uzuri ambao sikuwahi kufikiria kwamba na wao wana haki nao.

Tukaenda wote hifadhini, siku ya kazi, kwa mshahara wa kazi. Nilikataa iwe Jumapili yao. Tuliwaona mbega wakirukaruka juu ya miti, tukapita kwenye ule mtini mkubwa ambao mizizi yake imefanya tao juu ya njia ya kupandia Meru, pana kiasi cha gari kupenya. Dereva wetu wa siku nyingi aliutazama, kisha akasema bila kunitazama, "Hapa mti haukuzuia gari." Jioni ile niliwaita wote nikawaambia: niliukata kwa sababu nilitaka usafi, nilikosea, na zile fulana zilikuwa za kuficha kosa.

Tumeng'oa sehemu ya vitofali na kupanda mringaringa mwingine. Kivuli chake huenda nisikikute nikiwa kazini. Kuumwagilia kumeandikwa kwenye zamu, ndani ya saa za kazi, na zamu yangu ipo. Safari ya Momela imewekwa kwenye bajeti pamoja na matairi na dizeli, maana nimejifunza kwamba ofisini jambo lisilo na fungu wala mwenyewe hufa kiangazi.

Shuleni nilirudi kwa aibu. Mwalimu mkuu hakunigombeza. Aliniambia miche anaipata kila mwaka, kila kampuni inaleta yake; anachokosa ni maji na mtu wa kuitunza baada ya Juni. Mwaka huu hatukuchapisha fulana. Tulipeleka tangi na seng'enge, na kijana wetu mmoja wa stoo anakwenda kila Alhamisi, nauli na siku yake vikilipwa na ofisi.